Kama Hujafunua Ukurasa, Usinihukumie Gwen Stacy

Jumamosi iliyopita pale kijiweni Kabwe, bwana mdogo mmoja, mtoto mzuri tu wa watu, kaniambia kifo cha Gwen Stacy, mpenzi wa Spider-Man kwenye vitabu vya katuni, ni "stori ya kawaida sana, wazee mnaikuza tu". Sikukasirika. Kila mtu na ladha yake. Nikamuuliza aliisoma lini. Akajibu bila hata kupepesa macho: "Sijaisoma kaka. Nimecheki jamaa mmoja YouTube, dakika kumi hivi, kaeleza yote."

Kaeleza yote! Chai ilinipalia.

Wanaotujua wanajua kazi yetu pale. Kuna fundi simu, kuna mwalimu wa fizikia, kuna dada wa duka la vipodozi ambaye amesoma X-Men, katuni za kundi la mashujaa wa Marekani, kuliko sisi wote tukijumlishwa, na kuna mimi. Tunashika hadithi moja ya zamani, tunaichambua mpaka mfupa, tunaipa alama, tunanuniana, halafu tunachangishana hela ya chai na maandazi. Baridi ya Mbeya mwezi wa sita na wa saba mnaijua. Bila ubishi mtu anaganda. Lakini siku hizi watu wanakuja na hukumu iliyokwisha kuandikwa. Wameletewa na simu. Ukimuuliza ukurasa gani ulimkera, anakutazama kama umemdai kodi ya pango.

Basi ngoja niseme nilichoshindwa kukisema vizuri siku ile kwa sababu ya kukohoa.

Hadithi ile ilitoka kwenye Amazing Spider-Man toleo la 121, Juni 1973. Jalada lake limepangwa sura za watu wa karibu na Peter Parker, ndiye Spider-Man mwenyewe akivua kinyago, shangazi yake akiwemo, na linakutangazia kwamba mmoja wao anakwenda kufa. Haisemi nani. Unafungua ukurasa wa kwanza, na pale ambapo kwa kawaida jina la hadithi hukaa kwa herufi kubwa, jina hakuna. Wamelificha kwa makusudi. Unasoma mpaka ukurasa wa mwisho kabisa, msichana tayari amekufa mikononi mwa mpenzi wake, ndipo unaambiwa hadithi uliyomaliza kusoma inaitwaje: usiku aliokufa Gwen Stacy.

Mnaona? Watu walikaa chini, wakafikiri, wakaamua kukunyima hata jina la hadithi ili usijue mapema. Halafu yule jamaa wa dakika kumi kaandika jina la marehemu kwenye kichwa cha video, kwa herufi za njano, na mshale.

Na hapo hata hatujafika darajani.

Darajani kwenyewe ndipo nilipotaka bwana mdogo awe na macho. (Daraja lenyewe limezua vita yake: maneno yanalitaja George Washington, mchoro wa Gil Kane unaonyesha Brooklyn. Tuliwahi kupoteza jioni nzima kwa hilo, fundi simu akiapa kwamba mchoraji ndiye mwenye haki. Nami naona hivyo hivyo, lakini tuendelee.) Green Goblin, adui mkubwa wa Spider-Man, amemweka Gwen juu kabisa ya nguzo, hana fahamu. Anampiga kumbo, anaanguka. Spider-Man anarusha utando, unamnasa mguuni. Kwenye kiboksi hicho kichwa cha Gwen kinarudi nyuma kwa nguvu, na kando ya shingo, kwa herufi ndogo ambazo jicho lenye haraka linazipita, kumeandikwa SNAP.

Herufi nne. Hakuna anayezisema. Hakuna anayeeleza chochote. Kitabu hicho hicho kinapoonyesha ngumi kinaandika kelele yake kwa herufi kubwa za kujaza boksi. Hii imewekwa pembeni, kama iliwekwa kwa aibu.

Kinachonimaliza mimi ni kinachofuata. Kijana anamvuta msichana juu huku anajisifu. Anajipongeza kwa wepesi wake, anajiuliza ni nani mwingine angeweza kuokoa mtu anayeanguka namna ile. Anamsemesha. Wewe msomaji umeshaona zile herufi nne, yeye hajaziona. Kwa muda wa viboksi kadhaa unajua msiba wa mwenzako kabla yake, na huna la kufanya ila kuendelea kusoma, na ukiendelea kusoma ndiyo unamfikisha. Kama hukuziona zile herufi, basi mnagundua pamoja, wewe na yeye, kisha unarudi nyuma ukurasa mmoja kutafuta ulipokosea. Nami narudia: *unarudi nyuma ukurasa mmoja*. Mkono wako ndio unaopanga ni lini Peter ajue. Video haina mkono. Jamaa amesimamisha picha, kachora duara jekundu kuzunguka ile SNAP, kasema "hapa ndipo aliposababisha kifo", kaenda kwenye tangazo la kampuni ya kubeti.

Halafu mtu ananiambia ni stori ya kawaida. Kwa namna hiyo ya kuipokea, hata msiba wa nyumbani kwako utakuwa wa kawaida.

Twende kwenye ubishi wenyewe, maana ndio utamu. Nani alimuua Gwen? Goblin anamcheka Spider-Man, anamwambia msichana alikufa kabla utando haujamfikia, kwamba kuanguka kutoka kimo kile kunaua kabla mtu hajagusa chini. Mwalimu wa fizikia akisikia hivyo huwa anaweka kikombe mezani. "Kuanguka hakuui," anasema, "kinachoua ni kusimama. Wanaoruka na miamvuli wanadondoka kutoka juu zaidi ya hapo na wanatua wakicheka." Kwa hiyo Goblin anadanganya, au hajui anachosema, na tunabaki na ule utando. Mwendo wote aliokuwa nao yule binti uliisha kwa nukta moja, mguu umeshikwa, kichwa hakijashikwa. Yeyote aliyewahi kuwa kwenye Hiace inayoteremka Iwambi dereva akakanyaga breki ghafla anajua shingo inavyofanya.

Wasomaji wa wakati ule walibishana hivyo hivyo tunavyobishana sisi, tofauti ni kwamba wao waliandika barua. Na barua zikajibiwa: kwenye safu ya barua ya toleo la 125, Oktoba 1973, wahariri walikubali kwa huzuni kwamba ni ule mshtuko wa kusimamishwa ghafla ndio uliomuua. Mimi jibu lile silipendi. Ni kweli, lakini silipendi. Hadithi ilikuwa imekuachia mashaka mkononi, nao wakaja miezi minne baadaye kuyachukua. Fundi simu anasema mimi ndiye nisiyetaka kumwona Spider-Man na hatia. Aseme.

Sasa, dada wa vipodozi ana hoja yake, na nimeikwepa kiasi cha kutosha. Anasema: mnamlilia Gwen, lakini siku ya kifo chake Gwen alisema nini pale darajani? Hakusema kitu. Aliletwa amezimia, akadondoshwa amezimia, akafa amezimia. Kifo ni chake, hadithi ni ya mwanaume. Anamlinganisha na Jean Grey, shujaa wa kike kwenye X-Men 137 ya mwaka 1980, ambaye angalau kifo chake alikichagua mwenyewe, akijua anachofanya. Na Gerry Conway, aliyeandika ile hadithi ya Gwen akiwa kijana wa miaka 20 hivi, amewahi kusema wazi kwamba hakumwona Gwen kuwa mhusika wa maana sana na kwamba Mary Jane, binti mwingine wa kundi la Peter, alimvutia zaidi. Yaani binti alikufa kwa sababu waandishi walimchoka. Mchoraji John Romita ndiye aliyelitaja jina lake wakati wakitafuta wa kumuua, na lawama zilipoanza kumiminika Stan Lee, mkubwa wao pale Marvel, akasema yeye hakujua vizuri, wenzake wakasema alijua. Haya. Dada, hapo umenifunga. Nimeandika, usiniulize tena mbele ya watu.

Lakini tazama: hoja ya dada ni nzito *kwa sababu amesoma*. Amehesabu nani anaongea na nani haongei kwenye kila kiboksi. Huyo anaruhusiwa kuitukana hadithi mpaka asubuhi, nami nitamlipia chai.

Ile ya Robin wa pili, Jason Todd, msaidizi wa Batman, sitaki hata kuifikisha mezani. 1988, wasomaji wakapewa namba mbili za simu wapige kura afe au aishi, 5,343 wakataka afe, 5,271 wakataka aishi. Tofauti ya kura 72. Hadithi iliyomaliziwa kwa kupiga simu siwezi kuihukumu kama hadithi. Ukiniuliza kama uchaguzi, nitasema ulibanana.

Black Panther wa Don McGregor kwenye Jungle Action, miaka ile ile ya Gwen, ni bora kuliko mnavyodhani. Wengi mnaishia kwenye filamu. Siku nyingine.

Najua jibu lenu, maana bwana mdogo mwenyewe alinipa kabla sijamaliza kukohoa: kaka, vitabu vyenyewe viko wapi? Nani ana hela? Hapo sina ubishi wa maana. Mbeya nzima sijui duka ambalo naingia na kutoka na Spider-Man wa 1973. Mimi mwenyewe nilivisoma vile viwili, 121 na 122 inayoimalizia hadithi, kwenye kitabu kinene cha kuchapishwa upya, karatasi duni, nyeusi na nyeupe tupu, kilichokuwa kimetandazwa chini Mwanjelwa pamoja na vitabu vya mapishi vya Kizungu, kabla soko halijaungua 2006. Rangi ya koti la Gwen nilikuja kuijua baadaye sana, kwenye kioo cha simu. Simu hiyo hiyo ninayoitukana. Kwa hiyo sisemi usisome kwenye simu. Soma. Ukurasa ni ukurasa hata ukiwa kwenye kioo chenye ufa. Nisichokubali ni mtu asome kwa niaba yako, kisha uje kuhukumu kwa niaba yako mwenyewe. Na kama hujapata cha kusoma, kuna neno fupi, halina gharama: sijasoma. Mtu akilisema, tutamhadithia, tutamwazima. Hatujawahi kumfukuza mtu kijiweni kwa kutosoma.

Halafu, kama angesoma, angefika kwenye 122. Ndiyo ninayoiweka juu ya zote, juu hata ya daraja. Goblin anakufa kwa chombo chake mwenyewe, sawa, lilikuwa deni. Ni ukurasa wa mwisho. Peter yuko chumbani, Mary Jane amekuja kumfariji, Mary Jane yule wa starehe na kucheka cheka. Peter anamtolea maneno ya kuumiza, anamwambia aende zake, kwamba mtu kama yeye hata mama yake akifa hatajali. Binti anakwenda mlangoni, analia, mkono kwenye kitasa. Anageuka kutazama. Anaufunga mlango, yeye akiwa ndani. CLICK. Basi. Hadithi ya matoleo mawili iliyojaa ngumi inaishia kwenye kelele ya kitasa, ndogo kama ile ya shingoni. Nani mwenye video aliwahi kukutajia kitasa?

Hasira yangu hii, nikiwa mkweli, ina sababu nyingine iliyo karibu zaidi. Spider-Man hata nisipomtetea atakuwepo. Marekani wanamchapa upya kila mwaka. Lakini kaeni na vijana muwaulize Ndumilakuwili. Waulizeni Lodi Lofa, Kipepe, Madenge, wahusika wa katuni waliotulea sisi kwenye jarida la Sani la akina Said Bawji na Nicco ye Mbajo. Waulizeni Philip Ndunguru, mchoraji aliyefariki 1986 akiwa bado kijana, alikuwa anachora mkono wa mtu mvivu namna gani. Waulizeni Chakubanga, kile kibonzo cha Christian Gregory kwenye gazeti la Uhuru. Hawana hukumu yoyote, kwa sababu hakuna wa kuwaeleza kwa dakika kumi, na kurasa zenyewe tulifungia karanga. Mjomba wangu Tukuyu alikuwa na rundo zima chini ya kitanda. Mvua za Tukuyu zilimaliza nusu, watoto wakachanachana iliyobaki kwa ajili ya chooni, na mjomba mwenyewe hakuona kosa lolote. Katuni tu hizo. Nataka siku moja Ndumilakuwili awekwe mezani kama Gwen: ukurasa baada ya ukurasa, achambuliwe, apewe alama mbaya ikibidi.

Na kuna mtu. Mzee mmoja wa Iringa, Kihesa, rafiki wa rafiki wa mwalimu, anasema anazo kwenye sanduku la bati, kavu, zimepangwa. Haazimishi. Ukitaka, njoo usomee mezani kwake, mikono umenawa, simu umeiacha kwenye koti. Masharti yote nimeyakubali, nauli nimeshaitenga. Limebaki jambo moja tu: mzee anashikilia kwamba Madenge ni bora kuliko Lodi Lofa. Hilo sikubali, hata aninyweshe ulanzi wa Iringa yote.