Je, tembo wa Waslavi alianza kuwa simba?

Warusi, Wacheki na Wabulgaria humwita tembo slon. Wapolandi humwita słoń. Wapo wataalamu wanaolitoa neno hili katika arslan au aslan, ambalo katika lugha za Kituruki ni simba. Wengine hushikilia kuwa limezaliwa nyumbani, kutokana na kitenzi cha kuegemea ambacho Warusi bado wanacho katika prislonit. Msomaji wa Kiswahili, mwenye majina mawili, tembo na ndovu, kwa mnyama huyo mmoja, huenda akaliona dai la simba kuwa mzaha, na ndiyo maana nataka lisikilizwe vizuri.

Hoja ya kuegemea ina kisa cha kale: tembo hana viungo magotini, kwa hiyo hulala ameegemea mti, na mwindaji huukata mti huo nusu ili mnyama aanguke nao. Faida yake ni kwamba sauti za neno zinakaa sawasawa bila kulazimishwa. Hata hivyo, Julius Caesar, katika karne ya 1 kabla ya Kristo, alisimulia kisa hichohicho kuhusu kulungu wakubwa wa misitu ya Ujerumani. Kisa kinachohama hivyo kutoka mnyama mmoja hadi mwingine ni ushahidi dhaifu wa asili ya jina.

Je, jina la simba laweza kumwangukia tembo? Tazama Biblia ya karne ya 4 ya Kigothi, lugha ya kale yenye undugu na Kijerumani. Katika Marko 1:6, Yohana amevaa manyoya ya ngamia, na ngamia huyo anaitwa ulbandus, neno ambalo kwa kawaida huunganishwa na elephas, yaani tembo kwa Kigiriki. Waslavi nao wakalipokea, na leo Mrusi humwita ngamia verblyud, Mpolandi wielbłąd. Basi watu hao hao tayari wanamwita ngamia kwa jina lililokuwa la tembo, kwa kuwa mnyama asiyeonekana alifika kwao kama neno tu, likipita mdomo hadi mdomo bila mwili wa kulisahihisha.

Ugumu uliobaki ni irabu ya mwanzo: a ya aslan imekwenda wapi? Hapa wapinzani wana haki ya kuuliza. Kwangu, jibu linalowezekana zaidi linatoka upande wao wenyewe: neno geni lililosikika karibu na kitenzi cha kuegemea lilivutwa likafanana nacho, na kisa cha mti kikalikaza hapo.