Mafuta ni Mafuta

Jirani yangu akitaka kujua kama nipo nyumbani hapigi hodi. Anainama, anatazama mahali ninapoegesha gari. Tone likiwa linang'aa, nimeondoka sasa hivi. Likiwa limeshika vumbi, nimeondoka tangu asubuhi. Na akiona beseni lina gari juu yake, basi nipo.

Beseni ndilo lilikuwa ufundi wangu wa kwanza. Gari lenyewe ni kuukuu, lina umri mkubwa kuliko ndoa yangu, na lilikuwa linavuja oili usiku kucha. Asubuhi nilikuwa nachota kilichodondoka, nachuja kwa kitambaa, narudisha kwenye injini. Mama watoto akaniuliza siku moja kama hiyo si sawa na mtu kunywa maji aliyoogea. Nikamjibu kwamba mambo ya injini ayaache kwa wanaoyajua. Likumbukeni jibu hilo, maana yeye hajalisahau hadi leo.

Doa lilikuwa chini ya sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, kwa hiyo nikaihukumu sampu. Siku nzima nililala chali chini ya gari nakaza bolti zake, huku oili ikinitonea sikioni. Jioni ikawa gari liko vilevile, ila sikio ndilo lililofanyiwa sevisi.

Kumbe oili ni mnafiki. Inatokea juu, inateremka kimya kimya kwenye ubavu wa injini, upepo wa barabarani unaisukuma nyuma, ndipo inaenda kudondokea kwa asiyehusika kabisa. Ukitaka kumkamata mhalifu, unaosha injini, unaiacha ikauke, unainyunyizia poda, unaendesha kidogo, halafu unafungua boneti kuangalia poda imeanza kulowa wapi. Ujanja huu ni wa kweli na unafanya kazi. Bahati mbaya poda iliyokuwa karibu ilikuwa ya mtoto. Injini ilipopata moto, gari zima lilinukia kama limezaliwa jana.

Mhalifu alikuwa gasketi ya kava ya vali, kule juu kabisa. Raba yake ilikuwa imekauka, ngumu kama kucha. Nikaweka mpya, nikaipaka silikoni ya kutosha kuziba mtumbwi, nikaanza kukaza. Sasa, bolti za pale hukazwa kwa adabu, kiasi cha mkono tu. Mimi nikachomeka bomba kwenye mpini wa spana ili nipate nguvu. Ya kwanza ikakubali. Ya pili ikakubali. Ya tatu ikasema "tik" na kuniachia kichwa chake. Nikakitia mfukoni, nikafunga boneti, nikatangaza kwamba kazi imekwisha.

Na kweli matone yalipungua. Nilitembea kwa maringo siku mbili hivi, kisha taa nyekundu ya breki ikawaka.

Pedali nayo ilikuwa imelegea, inazama karibu nusu ya safari kabla haijashika. Nikafungua boneti tena. Kikopo cha mafuta ya breki kilikuwa kimeshuka chini ya alama. Mwenye akili angejiuliza yamekwenda wapi, kwa sababu mafuta ya breki hayaungui. Yakipungua, ama pedi zimelika ama kuna mahali yanavuja. Mimi nilijiuliza tu niongeze nini. Na pale pembeni ilikuwepo chupa ya oili ya injini, imebaki robo.

Hapa niruhusuni niilaumu kidogo lugha yetu. Ya kupikia ni mafuta. Ya nywele ni mafuta. Ya tangini ni mafuta. Ya breki, ya usukani, ya giaboksi, yote mafuta. Mtu unatarajia kwamba yanajuana! Kwenye kifuniko palikuwa na maandishi: DOT 3. Nikatafuta hizo nukta tatu kwenye kikopo ili nijue nijaze hadi ipi. Sikuziona, nikajaza mpaka juu. Kumbe ni jina la aina ya mafuta ya breki.

Msinicheke kwanza. Taa ilizimika na pedali ikapanda. Nikamwita mama watoto aje akanyage ashuhudie mwenyewe. Akakanyaga, akanitazama, akasema, "Haya, fundi." Niliisikia kama sifa.

Nisichokijua ni kwamba raba za ndani ya mfumo wa breki zimetengenezwa kuishi na mafuta yake maalumu tu. Ukizionjesha oili ya injini zinavimba. Zikivimba, zinaziba tundu ambalo mafuta hurudia kwenye kikopo ukiachia pedali, na breki zinabaki zimeshika hata kama mguu wako umeuweka kwapani.

Siku ya tatu gari likawa zito. Nilikanyaga moto, likaguna tu kama ng'ombe anayeburutwa. Mama watoto akasema ananusa kitu kinaungua. Nikamwambia ni poda. Akasema poda haitoi moshi kwenye tairi. Kabla sijapata jibu tukawa tumeanza kuteremka mlima.

Breki zikisuguana muda mrefu zinapata moto, na moto ukizidi, mafuta yaliyomo kwenye mfumo wa breki yanachemka na kutoa mvuke. Mafuta hayakandamiziki, mvuke unakandamizika. Kwa hiyo pedali iliyokuwa ngumu kama jiwe ikateremka hadi sakafuni bila kumgusa mtu. Nikapampu mara moja, mbili, tatu. Hewa tupu.

"Baba watoto, punguza mwendo."

"Napunguza."

"Mbona hupunguzi?"

"Napunguza kimoyomoyo!"

Nikaiteremsha gia, ya tatu, ya pili, injini ikalia kwa uchungu. Nikaishika handibreki, ambayo ni ya kamba za chuma na haihusiani na mafuta ya mtu yeyote, nikaanza kuivuta kidogo kidogo. Honi nayo nimeilalia. Natoa shahada, nawaaga watoto kwa majina, naomba radhi kwa madeni. Baiskeli ikatupita. Mwenye baiskeli akatutazama kwa huruma, akakunja kona, akaenda zake.

Nikageuka nimshike mama watoto mkono tufe pamoja. Kiti kitupu, mlango wazi. Kuangalia nje, namwona anatembea ubavuni mwa gari, mkoba begani, wala hahemi.

"Shuka basi," akaniambia.

Sikushuka. Nahodha haachi chombo. Gari likaenda kulalia lundo la mchanga kando ya barabara, taratibu, kama mzee anayetafuta mto. Mama watoto alikuwa amefika pale kabla yetu.

Fundi alipokuja alifungua kikopo, akachovya kidole, akasugua, akanusa. Akanitazama. Akachovya tena, nadhani hakuiamini pua yake. Alipofungua masta silinda, ile pampu inayosukumwa na pedali, raba zilikuwa zimevimba kama midomo iliyoumwa na nyuki.

"Bosi, nani kakuwekea oili humu?"

"Kuna fundi mmoja hivi wa mtaani," nikasema.

"Usirudi tena kwa mtu huyo. Muuaji."

"Hawezi kuacha kurudi," mama watoto akadakia. "Naishi naye."

Ikabidi zibadilishwe raba zote: za masta silinda, za kalipa zinazobana pedi, za silinda za nyuma, pamoja na mipira ya kupitishia mafuta, na mabomba yasafishwe yote. Silinda moja ya nyuma ndiyo iliyokuwa inavuja tangu mwanzo. Wakati wa kutoa hewa kwenye mabomba ya breki fundi aliniweka kwenye pedali. Kanyaga, shikilia, mimi nifungue tundu la hewa, nifunge, ndipo uachie. Rahisi. Mara tatu niliachia kabla hajafunga, na mara tatu hewa ikaingia upya. Akaniomba kwa heshima nishuke, akampa mama watoto kiti. Alimaliza magurudumu yote manne bila kosa, huku anachati na dada yake.

Siku hizi kila chupa nyumbani kwetu ina karatasi: YA INJINI. YA BREKI. Hata chupa iliyo bafuni imeandikwa YA NYWELE, SI YA GARI.

Breki zinashika vizuri sana. Kuhusu ile bolti iliyokatika, fundi hakuniuliza nami sikumwambia. Kichwa chake bado kipo mfukoni mwa suruali ya kazi. Leo asubuhi nimemkuta jirani ameinama getini.

"Naona mmerudi salama," akasema, huku akitazama chini.