Ayala wa Saa Sita Usiku

Wazo la kwenda mafungo ya ukimya kule Glendalough, bonde lenye monasteri ya kale huku Ireland, alilitoa mwenyekiti wa jumuiya yetu ya Dublin, mtu ambaye hata akiwa peke yake chumbani utamsikia akibishana. Alisema tumechoshwa na kelele za mji. Wanaotufahamu wanajua kelele zenyewe ni sisi.

Tukakodi basi, tukapanda milima ya Wicklow na masufuria ya pilau na chai ya tangawizi ya kutosha harusi. Mtakatifu Kevin, aliyeanzisha monasteri ile karne ya 6, alikwenda bondeni akiwakimbia watu; akajibana kwenye kijipango juu ya ziwa. Masikini, na sisi tukamfikia.

Mchana ulipita salama. Mnara wa mawe wa pale una urefu wa mita 30 hivi, na mlango wake uko juu kiasi kwamba lazima upandishwe ngazi. Mama Mkubwa aliutazama mlango, akayatazama magoti yake, akasema Mungu wa juu na wa chini ni mmoja. Alipohadithiwa habari za ndege aliyetaga kwenye kiganja cha Kevin, na mtakatifu akaunyoosha mkono hivyo hivyo mpaka yai likaanguliwa, alifurahi mno. Alipohadithiwa ile nyingine, ya binti aliyempenda Kevin akaishia kusukumwa ziwani, alikunja uso. "Na wazee wa usuluhishi walikuwa wapi?"

Jioni tukagawiwa vinyumba: kitanda, meza, jiko la kuni, basi. Mama anayevitunza, bibi mpole wa Kiairishi, alituomba ukimya kuanzia saa tatu. Tafakari ya usiku ilikuwa Zaburi ya 42: "Kama ayala aioneavyo shauku mito ya maji."

Kimya kikatanda kweli. Nilimsikia jirani akitafuna chapati kwa adabu.

Saa sita ikatoka sauti msituni. Ilianza kama filimbi, ikapanda, ikapanda tena, ikageuka ukelele wa kunyanyua nywele, halafu ikakata ghafla. Tukangoja. Ikarudi, mara hii nyuma ya vinyumba.

"Shindwa!" akanguruma mwenyekiti. Hapo ndipo mafungo yalipofunguka. Milango ikapigwa, rozari zikatoka, kaka mmoja wa Lubumbashi akaanzisha wimbo, katibu akagonga mfuniko wa sufuria. Kila tulipokemea, kitu kikajibu. Mtu akanong'ona kwamba ni yule binti wa ziwani, amekuja kudai haki yake.

"Basi nyamazeni aseme," akafoka Mama Mkubwa. "Ana kesi ya msingi!"

Bibi mtunzaji akatokea na tochi, gauni la kulalia na gambuti. Hakutuuliza kitu. Alimulika tu kichakani, na pale akasimama mnyama mwenye pembe, matope mpaka shingoni, akitutazama kwa dharau ambayo sijaiona hata ofisi za uhamiaji.

Ni ayala dume, akasema. Oktoba ndio msimu wao wa kutafuta majike. Ukoo wa hao wapiga filimbi ulitoka Japani, ukaletwa mwaka 1860 kwenye shamba la bwana mkubwa wa Powerscourt, wakatoroka na kuchanganyika na ayala wa milimani. Yaani mgeni kama sisi, ila karatasi zake ni za zamani.

Mwenyekiti alikuwa bado ameishika Biblia, kidole kwenye Zaburi. Akaisoma tena kimoyomoyo, akamtazama mnyama.

"Huyu shauku yake si ya maji," akasema.

"Na kwa posa ya namna hiyo," akajibu Mama Mkubwa, "atazeeka kapera."

Bibi alicheka mpaka tochi ikamponyoka. Ayala akaondoka zake. Mwenyekiti, kwa sauti iliyofika ng'ambo ya bonde, akatutangazia kwamba ukimya unaendelea.