Kingamwili za vipokezi vya prostaglandini: zinaonyesha kweli tunachokitafuta?

Prostaglandini E2, kemikali ya mwili inayopeleka ujumbe kati ya seli, ina vipokezi vinne, yaani protini za seli zinazoupokea ujumbe huo, EP1 hadi EP4, na kila kimoja huipa seli amri yake: EP2 na EP4 huongeza cAMP (molekuli inayosambaza ujumbe ndani ya seli), EP3 kwa kawaida huipunguza, na EP1 huinua kalsiamu ndani ya seli. Kwa hiyo kujua kwamba kemikali hiyo ipo kwenye tishu hakutoshi, bali ni lazima kujua kipokezi kipi kipo katika seli ipi, na hapo ndipo hutegemewa kingamwili, protini zinazotumika maabara kushika protini inayotafutwa na kutoa ishara pale ilipo.

Wanaozitetea wana hoja nzito. Kipimo cha RNA, yaani nakala ya jeni inayotumiwa kutengeneza protini, huonyesha kwamba jeni inasomwa, lakini hakisemi kama protini imefika kwenye utando wa seli. EP4, kwa mfano, huvutwa ndani ya seli baada ya kuamshwa, jambo ambalo RNA haiwezi kulionyesha.

Hata hivyo, vipokezi hivi ni vichache mno katika seli, hupita kwenye utando mara saba na kuacha nje sehemu ndogo tu ya kushikwa, na kingamwili nyingi hutengenezwa dhidi ya kipande kifupi cha protini. Mwaka 2009 jarida la Naunyn-Schmiedeberg's Archives of Pharmacology lilichapisha tafiti kadhaa kuhusu vipokezi vingine vya familia hiihii kubwa, ambamo kingamwili nyingi ziliendelea kutoa ishara hata kwenye tishu za panya walioondolewa jeni ya kipokezi husika. Onyo hilo linawahusu kabisa watafiti wa prostaglandini.

Kinachonisumbua zaidi ni aina ya ushahidi tunaoukubali. Kingamwili ikichanganywa kwanza na kipande cha protini kilichotumika kuitengeneza, kisha ishara ikatoweka, wengi huandika kwamba imethibitishwa. Sivyo, kwa sababu kipande hicho huziba mahali pa kushikia, na hivyo huzima ishara ya kweli na ya uongo kwa pamoja. Uzito wa protini nao si shahidi mzuri, kwa kuwa sukari zinazobandikwa kwenye kipokezi huusogeza. Tena EP3 ina maumbo kadhaa yanayotofautiana mkiani, hivyo kingamwili inayolenga mkia wa umbo moja itayakosa mengine, na mtafiti anaweza kutangaza kwamba kipokezi hakipo ilhali kipo.

Sioni sababu ya kuziacha kingamwili, lakini naona mzigo wa uthibitisho ni wa anayezitumia, katika tishu ileile na kwa mbinu ileile aliyoichagua. Panya asiye na jeni husika ndiye kipimo bora. Kwa seli za binadamu, jeni inaweza kunyamazishwa, na kingamwili mbili zinazoshika sehemu tofauti zikalinganishwa. Namba ya toleo la kingamwili nayo iandikwe, hasa ile inayotokana na damu ya mnyama, kwa maana mnyama mwingine hatatoa mchanganyiko uleule.