Saisi ni Fundi, Alipwe Kama Fundi

Huku Arusha, mtoto anayependa wanyama huonyeshwa njia mbili tu: awe daktari wa mifugo au aongoze watalii mbugani. Mimi nilikuwa mtoto wa namna hiyo, Tengeru. Mbuzi wa bibi akikaribia kuzaa nilitaka kulala zizini, na punda wa kubeba maji nilikuwa nikiwaosha vidonda vya mgongoni kwa maji ya chumvi. Baadaye banda moja la farasi upande wa Usa River lilitafuta mtu wa kufyeka majani. Nikaenda kufyeka, nikabaki na farasi. Leo mimi ni saisi, yaani mtunza farasi.

Nyumbani habari hiyo haikupokelewa vizuri. Mjomba aliniuliza, "Yaani umesoma mpaka kidato cha nne ili uende kuzoa mavi?" Ndiyo, mjomba, nayazoa kila asubuhi, na kabla ya kuyazoa nayatazama. Yakiwa machache, makavu, au yasipokuwepo kabisa, siku hiyo imeharibika. Farasi hawezi kutapika. Alichokula lazima kipite njia moja, na kikikwama au gesi ikijaa, msokoto wa tumbo unaweza kumuua ndani ya saa chache. Anageuka kutazama ubavu wake, anaparura ardhi, analala na kujigaragaza. Hapo simngojei bosi aamke. Naondoa chakula, namgusa mshipa chini ya taya, nahesabu mapigo. Farasi mzima aliyetulia hupiga kati ya 28 na 44 kwa dakika. Yakifika 60 daktari awe tayari njiani.

Kuna na kwato. Unasimama karibu na bega lake, uso wako ukielekea mkiani, unateremsha mkono mguuni taratibu mpaka anyanyue mwenyewe. Unachokoa tope kuanzia kisiginoni kwenda mbele, ukiihurumia ile sehemu laini ya katikati yenye umbo la V. Halafu unanusa. Masika, tope letu jeusi likishika, ukisikia harufu ya kuoza ujue ugonjwa umeanza, hata kama farasi bado hachechemei. Pua yangu imewahi kumwokoa zaidi ya mara moja mnyama ambaye mwenye mali alimwona mzima.

Na jioni zina utaratibu wake. Tuko jirani na Hifadhi ya Taifa ya Arusha, punda milia wapo, nao hubeba virusi vya tauni ya farasi bila kuugua sana. Visubi ndio wanaovisambaza, hasa kuanzia machweo hadi alfajiri. Farasi asiye na kinga akishikwa, mara nyingi haponi. Ndiyo maana kabla jua halijazama kila mmoja awe ndani, hata kama mgeni anaomba nusu saa zaidi ya kupiga picha.

Sasa niambie, mtu anayejua yote haya ni kibarua? Mabanda mengi yanamlipa hivyo, kwa siku, bila mkataba. Farasi anathaminiwa kwa mamilioni, lakini anayelinda uhai wake akipigwa teke anaambiwa apumzike kwao bila malipo. Hilo linaniudhi kweli. Nataka saisi apewe mkataba, buti, kofia ngumu na chanjo ya pepopunda, kwa sababu vijidudu vya ugonjwa huo hukaa kwenye udongo na samadi tunayoishika kutwa. Kampasi ya LITA, wakala wa serikali wa mafunzo ya mifugo, ipo hapo hapo Tengeru. Saisi wakongwe waalikwe kufundisha vijana, na wapewe cheti.

Vijana hao hawataishia kwa farasi wa kitalii. Farasi ni wachache mkoani. Punda ndio wengi, na miguu yao inahitaji maarifa yale yale. Sheria ya Ustawi wa Wanyama tunayo tangu 2008, na Februari 2024 viongozi wa Umoja wa Afrika walikubaliana kuzuia kuchinja punda kwa ajili ya ngozi. Vizuri sana. Lakini punda aliyenusurika kisu bado anapanda na mzigo kwenda sokoni Ngaramtoni, kwato zimerefuka hadi zimepinda, kamba imemla mgongo. Anahitaji mtu mwenye tupa ya kupunguza kwato na mkono uliozoea. Watu hao tunao mabandani. Tuwalipe vizuri, na siku zao za mapumziko tuwawezeshe wafike sokoni.