Kosa la kuandika "delve"

Aprili 2024 Paul Graham, mmoja wa waanzilishi wa Y Combinator, kampuni ya Marekani inayofadhili biashara changa za teknolojia, aliandika kwenye mtandao wa X kwamba mtu asiyemjua amemtumia barua pepe kumweleza mradi mpya. Kisha, akasema, akagundua kuwa barua ile imetumia neno la Kiingereza "delve", yaani kuzama ndani ya jambo kulichunguza. Akaishia hapo. Hakuhitaji kuongeza chochote, maana wasomaji wake walimwelewa: barua imeandikwa na ChatGPT, programu ya akili mnemba inayotunga maandishi, kwa hiyo haifai kusomwa. Watu walipombishia, akajitetea kwamba neno hilo watu hawalisemi wanapozungumza. Wanaijeria wakamjia juu kwa wingi. Sisi tunalisema, wakamwambia, tulifundishwa shuleni, wala hatukungoja mashine itufundishe.

Kelele zile zimeshapoa, lakini shtaka limebaki. Mwanafunzi anaogopa kuliandika. Mhariri akiliona anakunja uso. Nami, ambaye kazi yangu ni kusoma Kiingereza cha watu wanaofikiri kwa Kiswahili, nimejikuta mara mbili tatu nikilitilia shaka neno hilo kabla hata sijamaliza sentensi. Ndiyo maana nataka kulipima shtaka lenyewe, na utetezi wake pia, kwa sababu utetezi nao una matundu.

Neno hili ni la kale. Kabla Wanormani hawajavuka bahari kuivamia Uingereza mwaka 1066, Kiingereza kilikuwa na kitenzi "delfan", na maana yake ilikuwa kuchimba ardhi tu, kwa chepe na jasho. Mwaka 1381 wakulima wa Uingereza walipoasi, mhubiri John Ball aliwauliza: Adamu alipochimba na Hawa aliposokota uzi, mwungwana alikuwa nani? Kuchimba kwa Adamu katika swali lile ni kitenzi hiki hiki. (Na "mwungwana" sikulichagua ovyo. Aliyekulia Lamu au Unguja anajua jinsi neno hilo lilivyowahi kumtenga anayeshika jembe na anayeshikiwa.) Zaidi ya miaka 200 baadaye, Shakespeare, katika tamthilia yake, akamfanya Hamlet atambe kwamba atachimba yadi moja chini ya mashimo ya baruti ya adui zake, awarushe hadi mwezini, mchimba kisima huingia mwenyewe, tungesema sisi. Muda ulivyokwenda, kazi ya udongo ilichukuliwa na "dig", na "delve" likapewa kazi safi zaidi: kuchunguza jambo, kufukua nyaraka, kutumbukiza mkono kwenye mkoba kutafuta funguo. Hii ya mkoba Waingereza wanaisema mpaka leo, wala hawajioni wasomi kwa kuisema.

Vitenzi vya kuchimba vina tabia ya kuhamahama. Kuku anapekua jalalani, na askari polisi anapekua nyumba akiwa na hati ya upekuzi; kitenzi ni kimoja. Basi la Mbeya likisimama porini abiria wakashuka "kuchimba dawa", hakuna anayetafuta mizizi. Kijana wa Dar es Salaam akikuchimbia mkwara hajashika jembe, na akikuonyesha "chimbo" la viatu vya bei nafuu hakupeleki mgodini. Sasa mchukue mgeni aliyejifunza Kiswahili chake Berlin, umwambie kwamba "kuchimba dawa" ni maneno ya kawaida kabisa. Atakuambia hajawahi kulisikia hilo, na atakuwa anasema kweli. Kosa litaanza pale atakapohitimisha kwamba, kwa kuwa yeye hajalisikia, basi halisemwi.

Hata hivyo, wanaoshtaki hawakuja mikono mitupu, na upande wetu umekuwa na haraka ya kuwaita wabaguzi ukakwepa kuutazama ushahidi wao. ChatGPT ilifunguliwa kwa umma tarehe 30 Novemba 2022. Mwaka 2024 Dmitry Kobak wa Chuo Kikuu cha Tübingen, Ujerumani, na wenzake walipitia muhtasari wa makala za tiba na baiolojia zilizomo PubMed, hifadhi ya mtandaoni ya makala hizo, kuanzia mwaka 2010, jumla ya milioni 14 na zaidi, wakalinganisha maneno ya kila mwaka na mwenendo wa miaka iliyotangulia. "Delves" lilikuwa limepanda zaidi ya mara 25 kuliko ilivyotarajiwa. Walikadiria kwamba angalau muhtasari 1 katika kila 10 wa mwaka 2024 ulipita kwenye mashine. Hata korona, iliyovuruga msamiati wa sayansi kuliko kitu kingine chochote cha miaka ya karibuni, haikubadilisha mtindo wa uandishi namna hii, kwa sababu korona ilileta majina ya vitu, na mashine imeleta vitenzi na vivumishi vya kupamba. Madaktari hawakuamka siku moja wote wakalipenda neno la John Ball. Kuna mkono uliolisukuma, na tunaujua.

Lakini angalia takwimu zile zinasema nini hasa. Zinausema umati. Ukienda soko la Feri, Dar es Salaam, alfajiri ukakuta samaki wamejaa kupita kawaida, unaweza kusema bahari imetoa sana usiku ule, na ukijua vizuri mambo ya uvuvi unaweza hata kukisia kwamba kuna waliotumia nyavu haramu. Huwezi kumshika mkono mchuuzi mmoja mwenye changu watatu kwenye beseni ukamwambia wewe ndiye. Kobak na wenzake hawakumshika mtu mkono. Graham alimshika. Tofauti hiyo kwangu ndiyo kiini cha mgogoro mzima, na inashangaza kwamba watu wanaoishi kwa hesabu ndio walioiruka.

Halafu linakuja suala la nani aliyekuwa akilitumia neno kabla ya mashine. Chukua mtoto wa Tanzania aliyesoma shule ya msingi ya serikali. Miaka saba anasoma kwa Kiswahili. Akifika kidato cha kwanza, masomo yanageuka Kiingereza, na Kiingereza hicho anakipata kwenye karatasi: kitabu cha kiada, ubao, mtihani. Nyumbani hakisemwi, sokoni hakisemwi. "Dig" na "delve" anakutana nayo mahali pamoja, kwenye ukurasa, yote yakiwa yamevaa sare. Hana namna ya kujua lipi kwao huvaa kandambili na lipi huvaa tai. Kenya na Nijeria Kiingereza kinasikika zaidi mitaani, lakini mwalimu wa insha ni yule yule: anapiga tiki nyekundu penye msamiati mgumu. Mtu aliyepata maksi kwa miaka kumi kwa maneno ya namna hii hatayaacha kwa sababu bwana mmoja wa teknolojia ameyachoka.

Hapo utetezi una nguvu. Unapoanza kulegea ni pale tunapougeuza ule mtindo wa insha kuwa urithi wa kujivunia. Mimi nimefundishwa hivyo na sijivunii yote. Tulifundishwa kwamba neno refu ni ushahidi wa akili, tukajaza kurasa kwa vitenzi vinavyotangaza kazi bila kuifanya. Mwanafunzi aliyeandika kwamba insha yake "itazama ndani ya" tatizo la ajira, kisha akarudia mambo yanayojulikana kijiweni, alipewa maksi zake vizuri tu. Mashine ikajifunza tabia hiyo hiyo, iwe kwetu au kwingine, na tunapoiona imekuwa kioo tunasema kioo ndicho kinachotuiga.

Suala la iwe kwetu au kwingine limezua nadharia iliyopendwa sana. Gazeti la Guardian lilikisia mwaka huo wa 2024 kwamba kwa kuwa mashine hizi hunolewa na watu wanaolipwa kuyapima majibu yake, na kazi hiyo hupelekwa nchi zenye Kiingereza na mishahara midogo, Afrika ikiwemo, basi huenda "delve" limetoka kinywani mwa Mwafrika likarudi duniani kupitia ChatGPT. Ni hadithi tamu. Ina hata kejeli yake: mtu anaifundisha mashine lugha yake, kisha anashtakiwa kwa kusema kama mashine. Ninaielewa hamu ya kuiamini, ila naikubali nusu. Kazi ya Nairobi inayojulikana kwa ushahidi ni ile iliyofichuliwa na jarida la TIME Januari 2023, ambapo wafanyakazi wa kampuni ya Sama walilipwa chini ya dola 2 kwa saa kusoma na kupanga maandishi machafu kupita kiasi, ili OpenAI, kampuni iliyoiunda ChatGPT, iweze kuizuia mashine isiyaseme. Watu wale walisoma mateso ya watoto na mauaji mchana kutwa. Hawakuwa wakiifundisha mashine ufasaha. Kuichanganya kazi ile na suala la msamiati ni kuwafanya mapambo ya hoja yetu. Tom Juzek na Zina Ward wa Florida State University walijaribu kutafuta chanzo cha maneno haya kuzidi. Walipata dalili kwamba hatua ya kunolewa kwa maoni ya watu inachangia, lakini dalili hazikutosha kukata mzizi wa fitina, na hazisemi watu hao walikaa nchi gani.

Kuna jambo jingine linalochekesha na kuuma kwa pamoja. Mwaka 2023 watafiti wa Stanford walizipa programu saba zinazodai kutambua maandishi ya mashine insha 91 za TOEFL, mtihani wa kupima Kiingereza cha wageni, zilizoandikwa na watu wasiozaliwa na Kiingereza. Kwa wastani, zaidi ya nusu ya insha hizo zilitajwa kuwa za mashine. Insha za wanafunzi wa Marekani zilipita karibu zote salama. Sababu? Maneno ya wale wa TOEFL yalikuwa machache na ya kawaida, na programu zile huhesabu kawaida kuwa alama ya mashine. Watafiti walipoitumia ChatGPT yenyewe kuzipamba insha zile kwa msamiati mzito zaidi, tuhuma zikapungua sana. Kwa hiyo mwanafunzi wa Morogoro akiandika kwa maneno mepesi, programu inamkamata. Akiandika kwa maneno mazito, Graham anamkamata. Sioni sentensi iliyobaki ya kumtosha.

Na ile hoja kwamba watu hawalisemi kwa kinywa? Imeanza kuzeeka. Watafiti wa Taasisi ya Max Planck mjini Berlin walichambua mazungumzo na mihadhara ya taasisi za kitaaluma iliyowekwa YouTube, zaidi ya video 280,000, wakakuta kwamba baada ya ChatGPT kutoka, wazungumzaji wameanza kulitamka "delve" mara nyingi zaidi. Neno limetoka kwenye mashine likaingia mdomoni. Wengine wanalikwepa kwa hofu, wengine wanalidaka bila kujua, na baada ya miaka michache halitabaki kuwa dalili ya chochote.

Kiswahili hakijasalimika. Nimeanza kuona makala zinazofunguka kwa "hebu tuzame kwa kina", kisha aya ya pili "katika ulimwengu wa leo unaobadilika kwa kasi". Kuzama ni neno letu, kwa kina ni maneno yetu, lakini yakikaa pamoja mwanzoni mwa kila makala, iwe ya kilimo cha vitunguu au ya ndoa, nasikia Kiingereza kikipumua chini yake. Hapo najikuta upande wa Graham, na siupendi upande huo. Kinachonitoa huko ni kukumbuka kwamba watangazaji wa redio walikuwa wakisema "tuzame kwa kina" zamani sana kabla ya haya yote, na baadhi yao walizama kweli.

Mwaka jana kijana mmoja aliniletea barua yake ya kuomba ufadhili wa masomo. Ilikuwa ya Kiingereza, na katika aya ya tatu aliandika kwamba utafiti wake "delves into" upatikanaji wa maji vijijini. Rafiki yake alikuwa amempigia mstari chini ya neno hilo na kumwandikia pembeni: watasema ni ChatGPT. Alitaka nimpe neno jingine. Nikamuuliza alifanya nini hasa huko kijijini. Akaniambia alishinda wiki mbili kwenye bomba moja, alfajiri hadi magharibi, akihesabu ndoo na kuandika nani aliondoka bila maji. Daftari lilikuwa kwenye begi lake. Kurasa za mwisho zilikuwa zimelowa na wino umetawanyika.

Barua haikuwa imelitaja daftari hata mara moja. Tuliliweka kwenye sentensi ya kwanza, pamoja na idadi ya ndoo. "Delves" tukaliacha pale pale lilipokuwa, aya ya tatu.