Saa 1,847

Kwanza tusahihishane. Ile voisi ya dakika mbili inayozunguka kwenye magrupu tangu juzi usiku, kuhusu mimi na gari niliyokwenda kuikagua Mbezi Beach, ina uongo wa aina tatu. Gari haikuwa Ferrari. Injini haikupasuka. Na mimi sikulia. Macho yalinitoka machozi kwa vumbi la barabarani, na anayebisha aende akasimame pale Mbuyuni daladala zikichomoka kituoni. Mengine yote aliyosema yule mwenye voisi, ambaye mpaka Jumamosi nilikuwa namwita rafiki, ni kweli.

Ila kaanzia mwisho, akawanyima utamu. Acha niwasimulie mimi mwenye aibu yangu.

Mnaonijua mnajua mimi ni mkaguzi wa hesabu. Kazi yangu ni kwenda kwenye ofisi za watu, kunywa chai yao, halafu kuwaambia vitabu vyao havilingani. Miaka minne nimejibana, naendesha IST, na moyoni nimefuga Porsche Cayman. Ikapatikana moja Mbezi Beach: ya mwaka 2009, lita 2.9, gia sita za mkono, rangi ya fedha, namba D. Mwenyewe mzee mstaafu aliyejinunulia kujipongeza. Anataka milioni 58, haongezi neno.

Sasa mtu wa hesabu hanunui gari kwa kuangalia rangi. Nilikuwa nimesoma usiku kucha kwa wiki tatu. Nikajua kwamba hizi gari kompyuta ya injini ina daftari lake la siri. Kila injini ikizungushwa kupita kiwango, ile mafundi wanaita ovarevu, kompyuta inaandika: imepitiliza kiasi gani, imewaka mara ngapi ikiwa huko juu, na mara ya mwisho ilikuwa injini ikiwa na umri wa saa ngapi. Dalali anaweza kurudisha kilomita nyuma, akapiga rangi, akaosha injini mpaka ukatamani kulia wali juu yake. Daftari hili wengi hata hawajui kama lipo.

Nikaazima waya wa Durametric, ule wa kusomea kompyuta ya gari, kwa fundi mmoja wa Ilala, nikabeba laptopu, nikamchukua na rafiki yangu (nitajuta mpaka kiama) aje kuwa shahidi. Jumapili saa kumi na mbili na nusu asubuhi tuko getini.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba wanangu. Karibuni, chai iko tayari."

Nikasema chai baadaye, kwanza ukaguzi. Naomba mkumbuke hilo neno.

Nikaweka laptopu juu ya stuli ya plastiki, nikapiga magoti, nikachomeka waya kwenye soketi iliyo chini ya usukani. Wakati programu inafunguka, watu wakaanza kukusanyika: mzee na kanzu yake, dada wa kazi na sahani ya vitumbua, mlinzi na kirungu chake. Rafiki yangu kashatoa simu anarekodi. Mimi nikiona watu watatu wamesimama kunisikiliza, huwa napata maradhi. Nikaanza somo.

"Hapa mnaona madaraja sita," nikasema, nikiinyooshea skrini kalamu kama mwalimu wa zamu. "La kwanza mpaka la tatu si tatizo sana. Huko ni dereva kakanyaga mafuta mpaka mwisho, kompyuta ikamkatia mafuta, basi. Kuanzia la nne kwenda juu, hiyo ni dhambi. Huwezi kufika huko kwa kukanyaga mafuta. Unafika kwa kukosea gia. Unataka ya juu, unatumbukiza ya chini, basi matairi ndiyo yanaizungusha injini kwa nguvu. Hapo hata ukikata mafuta, mbio inaendelea. Valvu zinashindwa kufunga kwa wakati, pistoni inakuja kuzigonga, umekwisha."

Mlinzi akauliza, "Kwa hiyo bosi, ni kama matokeo ya fomu foo?"

"Umepatia kabisa! Tofauti ni kwamba hapa ziro ndiyo tunayoitafuta."

Watu wakacheka. Nikazidi kuvimba.

Majibu yakatoka. Daraja la kwanza, 1,204. La pili, 311, mara ya mwisho saa 902. La tatu, ziro. La nne, ziro. La tano, ziro. La sita, ziro. Saa za injini kwa sasa: 1,847. Nikachukua kikokotoo mbele yao, kilomita 68,000 gawa kwa 1,847, unapata kama 37 kwa saa. "Kwa foleni za Dar hii hesabu inakubali," nikatangaza. "Kilomita hazijachezewa. Tena oneni, huu upuuzi mdogo mara ya mwisho ni saa 902, sasa tuko 1,847. Injini imeishi zaidi ya saa 900 bila shida. Saa zikishapita nyingi, dhambi inasameheka."

Mzee akatikisa kichwa taratibu. "Kumbe. Na kama ungekuta kitu daraja la nne?"

Ndugu zangu, rekodi ipo, siwezi kukana. Nikamjibu, na sauti nimeipandisha makusudi ili jirani naye asikie: "Mzee, daraja la nne ningekata milioni nane palepale. La tano, ningekuachia gari yako nikanywa chai nikaondoka."

(Baadaye ndiyo nikaambiwa mzee alikuwa injinia wa meli maisha yake yote. Alinisikiliza dakika ishirini nikimfundisha pistoni. Hakunikatiza hata mara moja.)

Tukatoka kuijaribu. Mzee kakaa kushoto, mimi usukani. Rafiki kabaki na vitumbua, maana gari ni ya viti viwili. Sasa hapa kuna jambo ambalo sikuwa nimelitaja kwa mtu. Mimi gia za mkono mara ya mwisho nimeendesha 2011. Na nilijifunzia Land Rover 109 ya baba mdogo kule Morogoro, ambayo gia yake huingizi, unapigana nayo mpaka mmoja akubali.

Dakika kumi za mwanzo nilikuwa mtu wa heshima. Tukapita Afrikana, barabara ya Bagamoyo nyeupe kabisa, jua ndiyo linapanda. Injini iko mgongoni kwako, kile kisauti unakisikia kwenye mbavu. Mzee kaweka mikono mapajani kama yuko ibadani. Tukageuza Tegeta, tunarudi. Moyo ukaniambia: kidogo tu, umsikie anavyoimba.

Sasa twende polepole.

Niko gia ya pili. Nikakanyaga. Mshale ukapanda, spidi ikafika sabini na kitu (trafiki mnaonifuata humu, nilikosea namba, ilikuwa hamsini). Nikaona sasa niingize ya tatu. Nikakanyaga klachi vizuri. Kinachotakiwa ni kuiachia gia irudi katikati yenyewe, maana ina springi, halafu unaisukuma mbele kwa vidole viwili. Hata mtoto anaweza. Mimi nikaikamata ngumi nzima, Kilandrova, kifundo cha mkono kimekaza, na kwa kuwa nimekaa kulia, mkono wa kushoto nikiusukuma mbele unakwenda na kushoto kidogo. Kushoto mbele kuna gia gani? Waliolala nyuma amkeni. Kuna namba moja.

Na gari ilinionya. Hii ndiyo sehemu inayonikosesha usingizi. Gia iligoma. Nilihisi kabisa kwenye kiganja, ule ugumu wa kitu kinachosema "kaka, siyo hapa." Fundi yeyote angeelewa. Mimi nikakumbuka Morogoro. Nikasema moyoni, aah, gari za Wajerumani zinaringa. Nikaongeza nguvu. Ikaingia. Ikaingia kwa mlio mdogo, *kkk*, kama mtu anayetafuna mfupa wa samaki.

Mzee akageuza uso kuniangalia. Nakumbuka macho yake. Hayakuwa na hasira, yalikuwa na yale maswali unayomwuliza mtoto anayekimbilia barabarani. Akafungua mdomo kusema "mwa..."

Nikaachia klachi.

Jamani. Nilifikiri kuna kitu kimetugonga kwa nyuma. Vichwa vyetu vilikwenda mbele pamoja kama watu walioitikia amina. Matairi ya nyuma yakalia. Na injini... mmeshawahi kusikia mashine ya kusaga nazi ikaguswa na kijiko? Zidisha mara silinda sita. Nikaangalia mshale: umeshapita kwenye nyekundu, unaelekea mahali ambapo waliotengeneza ile dashibodi hawakutarajia wageni. Mguu wangu wa kulia uko hewani kabisa, sigusi mafuta hata kidogo, na injini bado inapiga yowe, na akilini nikasikia sauti, yangu mwenyewe, ya asubuhi ileile, ikisema kwa madaha: "Hapo hata ukikata mafuta, mbio inaendelea."

Nikakanyaga klachi. Kimya kikashuka. Tukawa tunaserereka tu, upepo na sisi. Pembeni kituoni konda wa daladala akapaza sauti, "Braza, hiyo siyo bajaji!"

"...nangu," mzee akamalizia.

Mpaka nyumbani hakuna aliyesema neno. Niliendesha gia ya tatu tu, kona zote, hata getini. Injini ilikuwa inanguruma kawaida, na nikaanza kujidanganya: labda haikuandika. Labda ilikuwa haraka sana. Labda ile kompyuta nayo Jumapili inapumzika.

Nikazima gari. Nikasema, "Mzee, gari nzuri sana, hebu tunywe chai tuongee bei."

Mzee akasema, "Chai baadaye mwanangu. Kwanza ukaguzi."

Rafiki yangu, shetani yule, bila kuulizwa wala kutumwa, kashachomeka waya. Simu mkono wa pili inarekodi. Dada kaja na sahani mpya. Nikajaribu kusema betri ya laptopu imebaki kidogo, mlinzi akaleta ekstensheni. Kaikimbilia!

Ukurasa ukafunguka. Mimi nikawa naangalia mwembe. Na aliyesoma, kwa sauti ya mtu aliyeelewa somo lote, alikuwa mlinzi.

"Daraja la nne, mia moja arobaini na tatu. Daraja la tano, sitini na moja. La sita, ziro." Akainama zaidi, kidole kwenye skrini. "Mara ya mwisho, saa 1,847. Bosi, si ndiyo saa uliyosema ni ya sasa hivi?"

Nikakimbilia hesabu, silaha yangu pekee. Nikaanza kueleza kwamba namba zisiwatishe, injini ya silinda sita inawaka mara tatu kila mzunguko, mizunguko 8,000 kwa dakika ni mara 400 kwa sekunde moja, kwa hiyo hizo 204 zote ukijumlisha ni kama nusu sekunde tu. Nusu sekunde, mzee! Hata kupiga chafya ni ndefu!

Mzee akatoa miwani, akaipangusa kwenye kanzu. Akauliza kwa upole kabisa: "Sasa mwanangu, ile milioni nane inakatwa kwangu au kwako?"

Dada ndiye aliyeanza kucheka. Sahani ikamwelemea, kitumbua kikadondoka juu ya kibodi, mafuta yakaingia kwenye herufi M. Mpaka leo laptopu ya ofisi haiandiki M vizuri na sijaripoti.

Yaliyobaki ni mafupi. Nililipa fundi apime mgandamizo silinda moja moja, zote zikalingana. Akapima na uvujaji, salama. Akasema una bahati, ingekuwa spidi kubwa kidogo tungeongea mengine. Akaongeza kwamba ningechukua yenye gia za PDK, zile zinazobadilishwa na kompyuta, hiyo kompyuta ingeligomea lile agizo la kijinga, nikamwambia hayo nilijua, aniache. Milioni 58 nimelipa kamili, maana ningeanzia wapi kubishana bei? Mzee akanipa na chai. Chai nzuri, ina tangawizi. Mlinzi alinifungulia geti akapiga saluti: "Daraja la tano, mkuu!" Na jina limeshafika ofisini.

Mke wangu anajua nimenunua gari. Habari za saa hajui, na wewe mwenye voisi, kwake usitume, nakuomba kwa jina la vile vitumbua.

Sasa gari iko saa 1,858. Lengo langu ni kuifikisha 1,950 kabla mtu yeyote hajachomeka waya tena, maana si nilisema mwenyewe, saa zikishapita nyingi dhambi inasameheka. Kwa hiyo mkiniona jioni Coco Beach nimepaki naangalia bahari, injini inanguruma, siendi popote, msinigongee kioo kuniuliza kama nina msongo. Nasogeza saa.